Ini la Bukini

Daktari Enikő alinipaka jeli ya baridi tumboni,
akanigeuzia kioo nami nione.
Ini langu liling'aa, jeupe kama theluji ya jana.
"Limejaa mafuta," akasema.

Nikacheka. Kilinitoka tu kicheko, kama chafya.
Daktari, kwetu Kiskunság ini la namna hii
hupimwa kwa gramu, hufungwa kwa karatasi ya dhahabu,
hupanda treni ya Alhamisi kwenda Budapest.
Langu utalinunua bei gani?
Yeye hakucheka.

Majira thelathini na manne nimenenepesha bukini:
goti juu ya bawa, mkono shingoni,
mrija kooni, mahindi yakishuka,
kidole gumba kikisukuma taratibu, taratibu,
wasije wakapaliwa.
Mimi hakuna aliyenishika shingo.
Mkate, mafuta ya nguruwe, pombe ya plamu:
mrija niliushika mwenyewe.

Sasa binti yangu Boglárka kaniletea kikopo kutoka Szeged,
unga wa mwani, kijani cha kutisha,
unanuka kama bwawa la bata mwezi Agosti.
"Kijiko kimoja, baba, kwenye mtindi."
Meno yamegeuka rangi. Mjukuu ananiita chura.

Nikamuuliza daktari: unaponya?
Akavua miwani, akaipangusa kuliko ilivyohitaji.
"Wamejaribu watu wachache, kwa miezi michache.
Kwa baadhi yao namba za damu zilishuka kidogo.
Kidogo si dawa, bwana Halmai.
Na uwe mwani uliopimwa, usije ukalitwisha ini sumu nyingine.
Tembea. Acha pombe.
Halafu tutazungumza habari za kijiko."

Basi natembea.
Alfajiri, kandokando ya mfereji, umande ukinilowesha buti.
Juu ya maji umetanda utando wa kijani,
na dume mmoja wa bukini,
niliyemwacha nje ya banda vuli iliyopita, sijui kwa nini,
anauchota kwa mdomo,
anameza,
ameshiba, anaacha.

Anaacha!
Kitu kikanikata maini,
haya haya yaliyojaa mafuta.

Nimerudi. Mrija uko kwenye msumari wake.
Saa ya kulisha imefika, bandani wanapiga kelele,
nami nimeketi jikoni, kijiko mkononi,
mtindi umekuwa kijani,
sijausogelea mrija,
sijala.