Nusu ya Picha

Szeged, Februari. Mto Tisza umeganda kingoni.
Boglárka amebaki peke yake maabarani
na kompyuta inayonguruma kama friji kuukuu.

Ndani yake amejenga kipande cha ubongo:
seli elfu nane za hesabu tupu, zisizo na damu,
zinazojifunza kushikana mikono
kila zinapowaka pamoja.

Jana aliilisha siku kumi za utoto wake.
Mojawapo:
jiko la makaa, koti jekundu msumarini,
harufu ya pilipili iliyoungua,
mama akihesabu sarafu mezani, mara mbili.

Leo anaipa nusu tu: koti, na ile harufu.
Namba zinahangaika, zinatulia.
Jiko limerudi. Sarafu zimerudi.
Na mlangoni, baba,
akikung'uta theluji viatuni.

Baba hakuwepo.
Boglárka anapekua orodha, mstari kwa mstari.
Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu Vendel afunge begi lake.
Seli zimemwazima kutoka siku nyingine,
yenye koti lile lile.

Hitilafu, anajiambia,
kidole juu ya kitufe cha kufuta.

Lakini hata yeye, tangu ana miaka saba,
humwona pale pale,
theluji ile ile,
na hajawahi kumuuliza mama.

Anauondoa mkono.
Kwenye daftari anaandika tarehe, saa,
kisha neno moja: imekosea.
Analikata.
Anaandika: imekumbuka.
Nalo analitazama muda mrefu, kalamu hewani.