Shilingi Thelathini kwa Ukurasa

Kibanda changu kiko Barabara ya Gusii,
kati ya fundi saa na muuza mapazia ya mitumba.
Kompyuta moja, printa inayokohoa,
na kitambaa cha kufutia vumbi jeupe
ambalo upepo wa Januari hulizoa ziwani
ukalimwaga juu ya herufi zangu.
Shilingi thelathini kwa ukurasa. Bahasha ni juu yako.

Jumatatu waliingia wanawake saba wa Rhonda.
"Andika," wakasema, "tunadai aombe msamaha,
hadharani, pale pale, kwa kipaza sauti kile kile."
Nikauliza alisema nini hasa,
ingawa nilijua. Nilikuwapo kwenye mkutano wa maji.
Perpetua Nyaboke alisimama kuuliza
bomba la pili litafunguliwa lini.
Mheshimiwa akacheka kwanza, kisha akasema:
"Mama, ukifungua huo mdomo
tunaona kutu. Maji safi utayafanyia nini?"
Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Maji ya visima vyetu ndiyo haya.
Meno ya utoto hutoka meupe;
yakishang'oka, yajayo huja
na rangi ya chai isiyo na maziwa.
Si uchafu. Mswaki hauhusiki.

Jumatano akaja Gitonga, kijana wa mheshimiwa,
akaketi kiti kile kile.
"Andika: Iwapo kuna yeyote aliyekwazika..."
Nikasita kwenye *iwapo*.
Neno la herufi tano tu,
lakini mtu mzima hujificha nyuma yake
yeye na gari lake na walinzi wake.
"Maneno yangu yalinukuliwa visivyo.
Mimi pia nina mama."
Nikamwambia: Gitonga, hapa hamna samahani,
kuna mlango wa nyuma.
"Wewe chapa," akasema.
Thelathini. Akadai risiti.

Usiku sikulala vizuri. Ya nini basi?
Samahani ya kudaiwa ni kama deni la dukani:
hulipwa kwa kununa,
na kesho yake mnapishana bila salamu.
Marehemu mume wangu aliniita tasa mbele ya ndugu zake
na hakutamka samahani hata siku moja.
Alinunua bati, akapanda,
akaziba paa lililovuja upande wangu wa kitanda.
Mpaka leo sijui kama nililipwa.

Jumamosi aliisoma. Nilienda.
Aliisoma mbio, kama tangazo la msiba wa watu baki,
akaruka mstari wa tatu,
na alipofika kwenye neno lenyewe
kipaza sauti kikapiga mluzi,
hatukulisikia.
Hakuna aliyepiga makofi.
Hakuna aliyecheka pia. Hilo nililiona.

Perpetua alikuja peke yake kutaka nakala.
Nikamwambia, mama, ile karatasi haina moyo ndani,
niliichapa mimi, najua.
"Moyo wake niupeleke wapi?" akanijibu.
"Nani ataununua?
Mimi nilitaka wale waliocheka
wasimame tena kwenye jua lile,
wajue kicheko kile kilikuwa na bei."
Akatabasamu, meno yote nje,
wala hakuyafunika.

Mimi niliyafunika.
Siku ile ya mkutano, kiganja mdomoni,
nilicheka na wenzangu
huku nikificha meno ya rangi ile ile.
Na hakuna aliyeniletea barua,
hakuna aliyenipa siku saba.

Nilikataa pesa yake.
Akaiweka juu ya kibodi, noti ya hamsini,
akasimama akisubiri chenji.
Nikainama kwenye droo kutafuta sarafu ya ishirini,
nikaitafuta muda mrefu
kuliko inavyotafutwa sarafu.