Peku

Sampuli arobaini na moja ni ya Rajabu Wetaba,
mchomeleaji wa Kamukunji, miaka thelathini na tisa.
Hanywi, havuti. Ndivyo dodoso linavyosema,
ingawa shati lake lilinukia moshi wa miaka kumi na saba
aliouvuta bila sigara.

Nilipomtoa damu aliitazama sindano
kama atazamavyo kazi ya fundi mwingine.
"Mnatafuta nini humu?"
"Kutu," nikasema,
maana sikuwa na neno jingine, na foleni ilikuwa ndefu.
Akacheka. "Kutu naijua, madamu. Haianzi pale unapoiona."

Nimeyaandika hayo pembezoni mwa daftari la maabara,
mahali pasipotakiwa kitu ila tarehe na ujazo.

Oksijeni huingia katika seli kama mgeni wa heshima,
hukaribishwa mpaka jikoni,
na katika kila kundi la wageni
hatoki kukosa mmoja aliyeondoka na kisu.
Chembe iliyopungukiwa elektroni haiombi.
Hunyang'anya jirani,
na jirani, aliyekuwa mtu mzima na mambo yake,
hugeuka mnyang'anyi.
Mwalimu alituchorea mishale ubaoni muhula mzima.
Mimi nilielewa siku Rajabu aliponisimulia
Ijumaa moja pale Pumwani:
mtu katoka msikitini, ndara zake hazipo,
akavaa za mwenzake.
Mwenzake akavaa za mwingine.
Na yule za mwingine.
"Ilipofika zamu yangu jozi zilikuwa tele mlangoni
na hakuna aliyekuwa akinitazama.
Nikaenda peku mpaka kibandani,
juu ya vile vinyweleo vya chuma."
"Ikaishia hapo?"
"Iliishia kwangu. Bati lilinichana kidole."

Chiromo, usiku. Natia asidi, nafunika vichupa,
nachemsha kwa saa nzima, kisha nangoja rangi.
Waridi ikikolea, ujue mafuta ya ukuta wa seli yameungua sana.
Inasikitisha kwamba ni rangi nzuri.

Saa sita na robo stima ikapotea.
Jenereta ilikohoa mara mbili ikanyamaza.
Friza ikaanza kupanda: hasi themanini,
hasi sabini na nne, hasi sabini na moja,
na damu ikingoja huzeeka yenyewe,
ndani ya kichupa, bila mwenyewe.
Askari Lenkaak alinishikia tochi ya simu
nikashindilia barafu kwa mikono miwili,
nikiwaita watu kwa namba zao, polepole,
kama mama anayehesabu watoto gizani.

Kundi la ulinganisho lilipungukiwa mmoja.
Stima iliporudi nikajifunga mpira mkononi,
nikauvuta kwa meno, nikajitoa mwenyewe:
mwanamke, thelathini na nne,
kazi ya ndani, hakutani na moshi.

Waridi yangu ilimshinda Rajabu.

Nilirudia mara tatu. Nikaosha kioo, nikabadili asidi.
Daktari Chepng'eno alipoingia asubuhi na chai yake
alitazama karatasi, akanitazama macho.
"Huenda ni usingizi. Huenda ni ile stima.
Nukta moja si grafu, Nduku. Usijisome humo."

Barabara ya River wanauza kisafisha-damu,
chupa elfu mbili mia tano, picha ya komamanga kifuniko kizima.
Sisi nusu ya mafundi tumewapa vitamini, nusu unga mtupu,
na hata mimi sijui nani kapata nini.
Tutajua Agosti, au tutajua kwamba hatujui.
Mimi nimeanza na sukumawiki, na kulala saa nne.
Ya kulala imenishinda.

Alhamisi Rajabu alipiga simu.
"Ile kutu, mliiona?"
"Yako sina ruhusa kukwambia.
Yangu niliiona."
Kimya. Nyuma yake mashine ya kusaga chuma ililia,
ikazimwa.
"Basi ilete," akasema, "tuipige msasa."