Jiwe la Kilomita ya Nne

Nimevaa fulana ya kijani, namba mia mbili na sita;
pini moja imepotea, karatasi inapepea.
Tunaanzia stesheni, tunaishia Kitete.
Elfu tano nimelipa. Wamesema ni ya utafiti.

Baba kabaki Isevya, kwenye kiti cha plastiki.
Insulini yake imo mtungini, juu ya mchanga mbichi,
kama yai linaloatamiwa na baridi.
Mguu wa kushoto waliuzika wao, hospitali;
hatukuonyeshwa wapi.

Kona ya sokoni, Mama Kalunde muuza asali
anatupigia makofi,
kisha anavuta ndoo nyuma ya khanga
kama aliyefumaniwa.
Usifiche, mama. Si asali iliyomkata.

Daktari Nkwabi anapuliza filimbi: mwendo, mwendo!
Kijana wa bodaboda anauliza
tunamkimbia nani.

Kilomita ya nne, jiwe limeingia kiatuni.
Linachoma. Silitoi.
Baba alikanyaga msumari,
akatembea nao siku mbili asijue,
mpaka mkeka ulipomwonyesha damu.

Nitafika nalo nyumbani,
nimwekee kiganjani:
hili, baba,
nimelisikia kwa niaba yako.