Asili Ishirini na Nne

Kitabu cha Rayya kimesimama kwenye sehemu.
Namba ya chini, ananiambia, skuli wanaiita makamu.
Nacheka. Kwetu Wete mtu wa makamo ni mimi huyu
ninayeinuka mkekani magoti yakilia.
Sisi, namwambia, ile ya chini tuliiita asili,
ya juu kiasi.
"Asili," anarudia, kama anayeonja chumvi.
"Basi asili zikiwa mbalimbali huwezi kujumlisha?"
Huwezi, mwanangu.
Hilo tu ndilo nililotoka nalo darasa la saba,
na nalo nililijua mtihani umeshapita.

Siku ile nilichukua nusu, nikachukua theluthi,
nikajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini,
nikapata mbili juu ya tano.
Mwalimu Hidaya akaishika karatasi kwa ncha za vidole:
"Ulikuwa na nusu. Ukaongezwa.
Sasa unayo pungufu ya nusu. Nani kakuibia?"
Darasa zima likacheka. Nikacheka nami, sikuelewa.
Nilikuja kuelewa hapa Ibra,
bibi harusi wa miaka kumi na tisa,
kila mlango ukiniuliza asili.

Baba yao alituachia gari bovu,
deni la dukani,
na athari nne za maji ya falaji, kila siku ya nane.
Nusu saa ya maji huku ndiyo athari moja.
Kwetu athari ni kile kinachobaki
jeraha likishapona.
Mirathi ikagawiwa. "Thumuni," nikaambiwa, "fungu la mjane,"
nikatia sahihi pale kidole kilipoonyesha.
Thumuni niliyoijua mimi ilikuwa ya kununulia ubuyu,
nusu ya shilingi.
Nusu gani hiyo inaitwa sehemu ya nane?
Sikuuliza. Mwaka mzima sikuuliza.

Leo Rayya amegeuza bili ya umeme, anaandika mgongoni.
"Saa mbili, dakika mia na ishirini.
Gawa kwa nane.
Zako kumi na tano, mama."
Zimebaki mia na tano. Sabini za Muhanna.
Thelathini na tano zake.
Sasa ziandike kama sehemu, nasema, zote kwa asili moja.
Anajaribu nane. Anajaribu kumi na mbili.
Anafuta mpaka karatasi inaota malengelenge,
analaani kwa Kiarabu, anadhani sijasikia,
halafu: ishirini na nne.
Tatu. Saba. Kumi na nne.
"Zinatimia!"

Kisha anaitazama saba, anaitazama kumi na nne,
anamtazama kaka yake aliyelala mdomo wazi.
"Hesabu ni sahihi," anasema polepole,
kama anayesema jambo jingine.
Sikumjibu. Jibu la swali lile
halimo katika kitabu changu wala chake.
Mimi nilikuwa natazama chini ya mistari,
namba ileile mara tatu, kwa mwandiko wake wa kuinamia kushoto.
Chini ya tatu yangu
hakuna aliyeandika Wete.

Zamu yetu inaingia saa mbili, anasema Rayya.
Saa nane, nasema mimi. Usiku ni huohuo.
Tofauti ya sita, tumelea nayo nyumba hii tangu hajazaliwa.
Tunatoka na tochi. Nachomoa jiwe na tambara lake,
maji yanaingia bila haraka, yanabeba majani makavu ya mtende,
na yeye anabonyeza saa ya simu.
Ndimu ya kwanza. Ndimu ya pili.
Ya tatu, bonde lake halijafika kati
simu inalia.
"Mbili na nusu," anasema Rayya.
Iseme kama sehemu.
Anafikiri, miguu imo majini.
"Tano juu ya mbili."
Anaufunga mfereji wangu kwa jiwe,
anaufungua wake.