Mataruma ya Chini

Tumepewa saa tatu na dakika arobaini,
kati ya treni ya mwisho ya mizigo
na ile ya alfajiri iendayo Katowice.
Baridi nyuzi saba chini ya sifuri.
Ginter amepiga magoti kwenye kokoto, sikio juu ya reli,
halafu anainuka, anapangusa goti, hasemi kitu.

Ramani inasema hapa hapana shimo.
Ramani ya mgodi wa zamani, ya wino,
inakoma mita sitini kusini
kwa mstari ulionyooka kama kiapo.
Lakini juma lililopita taruma moja limezama vidole viwili,
na ardhi haizami kwa kupenda.

Keekee imetoboa tundu la upana wa kisahani.
Mimi nimekaa garini, soksi juu ya hita,
na jicho langu linateremka kwa waya:
udongo, udongo, mfinyanzi, jiwe lililopasuka,
maji membamba yasiyo na haraka.
Kisha kuta zinaondoka.

Sijui niseme vipi. Zinaondoka,
na kamera inaning'inia katika giza
lililozoea kuwa peke yake.

Leza inaanza kuzunguka.
Vitone vinaingia kwenye skrini, elfu, laki,
kwanza kama chuya zilizomwagwa,
halafu vinakuwa dari:
dari ya kimo cha mtu aliyepiga magoti.
Kampuni haichimbi hivi. Kampuni huchimba ikisimama.

"Kishimo cha dhiki," asema Ginter,
sigara haijamtoka mdomoni.
"Malango ya mgodi yalipofungwa, watu walichimba
nyuma ya nyumba, nyuma ya kanisa, popote.
Ndoo ya makaa, mkate. Polisi wakilipua mchana,
usiku pamefukuliwa."

Pale kwenye kona: gurudumu la baiskeli, halina tairi,
limetundikwa kwenye chuma. Lilikuwa roda ya ndoo.
Nageuza kushoto. Nguzo nne.
Nasogea. Mti mnene, wa pembe nne, mweusi kwa lami,
na katika kila nguzo
matundu mawili mawili ya misumari.

Ginter anacheka, halafu hacheki.

Ni mataruma.
Waliyang'oa huku juu, usiku kama huu,
wakayashusha, wakayasimamisha wima,
na miaka tisini reli imebebwa
na kilichoibwa kwake.
Ukiona yapita, imebebwa.

Fomu ina visanduku.
Kina: mita kumi na moja nukta nne.
Urefu wa utupu: kumi na tisa.
Hali ya nguzo: moja imeoza, tatu zinavumilia.
Mmiliki:
hapo kalamu inasita.
Hakuna kisanduku cha mtu aliyepima taruma kwa shibiri gizani
akaona likikatwa kati litatoa nguzo mbili.

Jumatano italetwa saruji
iliyochanganywa na majivu ya kituo cha umeme.
Makaa yatarudi yalikotoka, yakiwa majivu,
yatajaza hadi darini, na gurudumu ndani yake.
Nimehifadhi faili mara mbili.
Kanuni inasema mara moja.

Simu kutoka ofisini: ipite, kilomita kumi kwa saa.
Ginter anakataa kuingia garini.
Anatembea kandokando ya mabehewa, mkono umeinuliwa,
kama mtu anayemvusha ng'ombe mwoga,
na madirishani watu wamelala, vinywa wazi,
mmoja anatazama saa yake kwa hasira.

Waya bado uko chini. Sikuupandisha.
Vumbi kidogo linaanguka kwenye skrini.
Nguzo iliyooza haisogei. Zile tatu, hazisogei.
Gurudumu la baiskeli linazunguka robo,
linasimama,
linarudi kidogo.