Jiwe Juu ya Ramani

Nilifika Nzuguni na karatasi ndefu kuliko mimi,
nimeibana kwapani kama mkeka wa mgeni.
Humo kituo cha treni nyepesi kilikuwa kimekwisha kujengwa:
paa la buluu, maegesho, maduka ishirini na manne,
na miti ya duara, ya kompyuta,
isiyodondosha jani wala kuomba maji.

Tukaitandaza shuleni, darasa la sita B,
dirisha halina kioo,
na upepo wa Julai, huu wa Dodoma
usiobisha hodi wala kuaga,
ukaikunja reli yote, stesheni na stesheni,
ukaitupa chini ya ubao.
Watu wakacheka.
Nikacheka nao, nikafungua kikao.

Ndahani, fundi baiskeli, akasogeza kiti chake cha magurudumu:
"Ngazi hizi ni za nani?"
Nikasema lifti ipo.
"Na umeme ukikatika?"
Nikaandika.

Mama Eseri wa chapati akaulizia jua.
Mchoro wangu haukuwa na jua,
ulikuwa na saa sita isiyokwisha, vivuli miguuni,
na yeye biashara yake ni saa kumi,
kibanda nimekielekeza magharibi.
"Mtanikaanga mimi kabla ya chapati."

Bodaboda wakataka lango.
Wauza mboga wakataka lango lile lile.
Hapo hapakuwa na hekima ya kusimulia,
palikuwa na kelele, na kidole puani pa mtu,
na mwenyekiti wa mtaa akigonga dawati la mtoto
hadi likalegea mguu.

Binti mmoja aliingia kutafuta daftari alilosahau,
akainama, akasoma rangi ya kijani.
"Bustani? Hapa Januari hupita maji.
Yalibeba mbuzi wetu wawili, na choo."
Akapata daftari, akaenda zake.
Nami niliyepima mwinuko kwa satelaiti
nikafuta bustani kwa kiganja.

Perusi Chilewa alichelewa.
Hakusema neno. Alikuwa na jiwe, la ukubwa wa ngumi,
akaliweka juu ya karatasi,
si pembeni penye kupepea,
katikati.
Nikamshukuru: "Ahsante mama, upepo umezidi."
Akaitikia kwa kichwa, akakaa nyuma.

Jioni, nikikunja, nikaliinua.
Darasa likanyamaza
kama redio iliyoishiwa betri.
Kijana wa bodaboda, yule mwenye sauti kuliko wote,
akanong'ona: "Kaka, lirudishe."

Chini yake palikuwa na maegesho, nafasi ya kumi na saba.

"Yupo pale," Perusi akasema.
"Wa tatu. Hakuwahi kufikia jina."

Sikuandika.
Kesho yake tulikwenda wenyewe uwanjani na majivu ya jikoni na kamba,
tukachora kituo chini, kwa ukubwa wake,
watu wakatembea ndani ya kuta zisizokuwapo.
Ndahani akakwama palipokuwa na ngazi, akasubiri, makusudi,
mpaka tukamwagia majivu mteremko.
Ng'ombe wakapita ukumbini bila tiketi.
Na njia ya kwenda jukwaani, ilipokaribia pale,
hakuna aliyesema ipinde.
Miguu ilipinda yenyewe.

Si yote yaliyopona.
Maduka bado ni ishirini na manne, kodi yake siijui.
Mteremko umeandikwa "awamu ya pili",
na awamu ya pili tunaijua wote inakokaa.
Lakini kibanda cha Eseri kimelipa jua mgongo,
na ile njia imebaki na kiuno.

Ofisini mkuu wangu akaweka rula:
"Imeongezeka mita kumi na moja. Kuna nini hapa?"
Katika ufunguo wa ramani ipo alama ya nguzo,
ipo ya bomba, ipo ya mti.
Nikachonga penseli,
nikaongeza duara dogo,
na mbele yake, penye maelezo,
nikaacha wazi.